Wanunuzi Wawili wa Chai ya Mama Kemunto

Nilitoka Mombasa kwa hasira, siwafichi. Askari wa kaunti walikuwa wamenivunjia kibanda changu cha viazi karai kwa sababu ya kibali, na mimi nikisikia neno kibali damu hunichemka. "Serikali ikae kando, watu wauziane!" nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Ndipo Mama Kemunto, niliyeuza naye pamoja miaka mingi kabla hajarudi kwao Nyamira kulima chai, akanipigia simu. "Kuja upumzike," akasema. "Na kuna kitu nataka unishauri."

Kisii mjini nilifika alfajiri, ukungu umelala juu ya mabati. Wanawake wa soko la Nyakoe walikuwa wakishusha mikungu ya ndizi. Nilisikia vicheko vyao kabla sijawaona wenyewe. Sisi watu wa joto, baridi ile hutulevya. Nilitembea kama niliye usingizini bado, kikombe cha chai mkononi.

Barabara ya Nyamira hupanda na kushuka, migomba huku, chai kule. Nililala, nikaamka, nikalala tena, na kila nikifumbua macho kijani ni kilekile. Sijui hata nilishuka saa ngapi.

"Soa, soa, ingia!" Mama Kemunto alinikumbatia mlangoni. Tulikula ugali wa wimbi na mboga chungu ya chinsaga, mvua ya mchana ikapiga bati, na katika kelele hiyo akanieleza shida yake.

"Hii majani nimepanda mimi, nimepalilia mimi. Lakini sheria inasema niuzie kiwanda peke yake. Lori lao linachelewa mpaka majani inachemka na kuharibika kwa gunia. Onchiri yeye anakuja mapema na analipa mkononi."

Onchiri alikuwa mchuuzi wa majani mabichi, mangirito kama waitwavyo kule, watu wanaofukuzwa na askari kila siku. Alimtaka aache kiwanda kabisa, ampe yeye mavuno yote. Bei aliyotaja siku hiyo ilikuwa nzuri, na jibu alilitaka kesho yake.

"Kiwanda wakijua, wananifuta kwa daftari lao," Mama Kemunto akasema. "Na chai ndio inasomesha Kemunto chuo. Nikikosea, mtoto anarudi nyumbani."

"Aka! Mimi waniuliza?" nikamjibu. "Mali yako, mnunuzi wako. Mpe Onchiri!"

Asubuhi ya pili tulichuma ndani ya ukungu, vidole tu vikionekana, majani mawili na chipukizi lake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulipofikisha magunia kando ya njia tukaambiwa kijito kimebeba daraja. Lori la kiwanda lilikuwa limekwama ng'ambo.

Onchiri alikuwa upande wetu. Akashuka kwenye pikapu yake, akataja bei. Nusu ya ile ya jana!

"Mbona hivyo?" Mama Kemunto akauliza.

"Mama, leo niko peke yangu."

Alisema kwa upole kabisa, hata akatabasamu. Mimi niliyemsifu jana nilitamani kumchapa kandambili. "Huna haya, wewe?" nikamfokea.

"Haya ya nini, mama? Si ni biashara?"

Mama Kemunto akautazama ukungu. "Na kiwanda?" akasema polepole. "Sheria imekiweka peke yake kila siku."

Kisha akaita majirani kwa sauti. Wana egesangio yao: wanawake wa kilima kimoja hupaliliana na kuvuniana kwa zamu, bila malipo. Wakatokea mmoja mmoja kutoka kwenye chai, kila mmoja akajitwika gunia, lake au la mwenzake. Tukashuka kijitoni, maji ya magoti, tuvuke mpaka kwenye lori. Mbele yangu niliona magunia tu yakielea juu ya ukungu, na nyimbo zikitoka chini yake. Ningedhani naota, kama si baridi ya maji.

Nyuma Onchiri alikuwa akikimbia. "Mama! Bei ya jana! Mama, naongeza!"

"Yaya, hapana!" Mama Kemunto akajibu bila kugeuka. "Kuja kila siku, nitakuuzia. Lakini yote sikupi."

Karani wa kiwanda, aliyekuwa kando ya lori, alisikia. "Umesema utauzia mangirito?"

Mama Kemunto akatua gunia. "Mkichelewa, ndiyo. Nifute."

"Na mimi nifute," akasema jirani aliyekuwa nyuma yake. "Na mimi," akasema wa tatu.

Karani aliutazama mstari uliopotelea ukunguni, akalitazama lori lake tupu. Akainama, akalinyanyua gunia la Mama Kemunto, akalitundika kwenye mizani.

Nimerudi Mombasa, na kibanda bado sijakijenga. Hasira yangu ya kibali ipo palepale. Ila watu wakibishana kama serikali iingie sokoni au itoke, siku hizi huwauliza: anayeuza akisema hapana, ana pa kwenda?

Juzi Mama Kemunto alipiga simu. Kemunto yuko chuoni, na daraja limerudishwa.

"Na lori?" nikauliza.

"Siku hizi linafika mapema."

"Onchiri je?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo anafika mapema zaidi."