Tufani Niliyoisoma Barazani

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimeolewa mwaka mmoja tu, na katika nyumba tuliyopanga Pumwani mimi peke yangu kati ya wanawake ndiye niliyejua kusoma. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu bila hilo bibi mmoja wa pwani angezikwa kwao.

Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, vyumba vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, ua nyuma, baraza mbele. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa pwani aliyepanda Nairobi tangu ujana wake, akauza maandazi na vitumbua hadi akapata kiwanja na kujenga. Wapangaji wote tulimwita Bi Mkubwa. Hakujaliwa mtoto. Wa karibu aliyebaki naye duniani ni mama yake mzazi, ambaye alikataa katakata kuhamia bara. Aliishi kijijini, kusini mwa Mombasa, karibu na mpaka wa Tanganyika, katika nyumba ya makuti iliyokuwa hatua chache tu kutoka pale maji yanapofika wakati wa bamvua, bahari inapojaa kabisa.

Mume wangu alikuwa karani katika bohari ya reli. Jioni alirudi na gazeti la Kiswahili ambalo wenzake walikuwa wamekwisha kulisoma, mara la jana, mara la juzi. Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, nililitoa barazani. Bi Mkubwa aliketi kwenye kiti chake cha kamba, akipepeta mchele au kufuma kofia. Mama muuza mkaa, Mkamba wa chumba cha mwisho, alikuja na miguu yake myeusi akakaa kizingitini. Majirani wengine walisimama.

Mwanzoni nilisoma kama ilivyoandikwa. Nikisoma bei ya mahindi, walipiga miayo. Nikisoma hotuba ya Bwana Gavana, mama muuza mkaa aliinuka akaenda zake. Lakini siku niliyosoma habari ya moto uliounguza duka mjini, walisogea karibu mpaka nikasikia pumzi zao. Gazeti lilisema duka limeungua. Mimi nikasema mwenye duka alisimama barabarani akishika kichwa. Hilo halikuandikwa popote. Mama muuza mkaa alisema, "Woi, maskini!" na mimi nikaona raha ambayo sikuwahi kuionja, mimi niliyekuwa mgeni, bi harusi wa juzi, ambaye hakuna aliyemsikiliza kwa lolote jingine.

Basi nikazoea kuongeza. Kidogo kidogo, kama mtu anayezoea sukari.

Masika moja ikaja habari ya kimbunga. Ilikuwa fupi, chini kabisa ya ukurasa wa kwanza. Ilisema kimbunga kimeonekana baharini, mbali, upande wa kusini wa Tanganyika. Kwamba huenda kikaelekea kaskazini. Kwamba wenye vyombo waangalie hali ya hewa kabla ya kutoka. Hayo tu.

Nikasoma: "Kimbunga kikubwa kinaelekea kaskazini."

Neno "huenda" nililiruka. Nililiona, nikaliruka. Kisha nikasema mawimbi ni marefu kuliko minazi, na kwamba huko kusini mapaa ya makuti yanaruka kama kunguru. Mama muuza mkaa akashika kifua.

"Na hiyo maji inaweza kuja mpaka hapa Pumwani?" akauliza.

Watu wakacheka. Bi Mkubwa hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Soma tena," akaniambia. "Polepole."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kwangu. Ningesema, samahani Bi Mkubwa, nimeruka neno. Lakini baraza lote lilikuwa likinitazama. Nikasoma tena, nikashika vilevile nilivyosema mara ya kwanza, minazi na kunguru na yote, macho yangu yakiwa kwenye karatasi ili asiyaone.

Jioni ile wanaume wa pwani walijaa kwenye ukumbi wa jamii, penye redio ya kipaza sauti. Kila aliyetoka alitoka na tufani yake. Mmoja alisema Lindi imekwisha, mwingine akasema kimbunga kimepita Zanzibar, wa tatu akadai meli imezama, na alipoulizwa meli gani akakasirika. Mume wangu alirudi akaniambia, "Redio imesema kipo mbali. Hata watu wa hali ya hewa hawajui kitaelekea wapi." Aliyasema hayo akivua viatu, nami nikikoroga mchuzi. Chumba cha Bi Mkubwa kilikuwa ng'ambo ya ukumbi, hatua nne. Nilimsikia akisoma uradi, dua zake za kila usiku. Nikaendelea kukoroga.

Asubuhi alinigongea mlango akiwa amekwisha kuvaa buibui.

"Mwanangu, nisindikize posta. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Njia nzima alinisimulia habari za mama yake: alivyokataa bati akisema linapiga kelele, alivyokuwa na kuku wanne aliowaita kwa majina ya jamaa zake waliomuudhi. Alicheka kidogo, kisha akaongeza mwendo. Posta nilijaza fomu ya simu ya maandishi kwenda kwa mpwa wake aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu mzuri wa shule: MLETE MAMA NAIROBI UPESI TUFANI INAKUJA. Karani akayahesabu maneno, akaniangalia juu ya miwani.

"Tufani gani hiyo?"

"Ipo gazetini," Bi Mkubwa akajibu kwa niaba yangu.

Siku mbili mvua ilinyesha Nairobi, mvua ya kawaida ya masika, matope ya Pumwani yakawa hayavukiki. Siku ya tatu mume wangu akaleta gazeti. Nilitafuta mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, nikaipata ndani, karibu na tangazo la sabuni: kimbunga kimegeukia baharini na kutawanyika, pwani ya Kenya hakuna madhara. Mistari minne. Nilipaswa kutoka mbio nikamwambie apeleke simu nyingine. Nilihesabu kichwani kwamba lazima mpwa amekwisha kuondoka. Huo ndio udhuru niliojipa, na hata leo sijui kama ulikuwa kweli. Ule ukurasa nikawashia jiko. Alasiri ile nikawaambia gazeti halikuja.

Siku iliyofuata ikaja simu kutoka Mombasa. Nikaisoma mimi, kwani nani mwingine angeisoma? Safari hii sikuongeza neno wala kupunguza. MAMA AMEANGUKA YUKO HOSPITALI NJOO.

Yaliyotokea tuliyajua baadaye. Mpwa alikwenda kijijini kwa lori la nazi. Bibi alikataa kutoka. Alisema bahari haina sauti ya tufani. Mpwa akamwonyesha karatasi ya simu, akamwambia, "Mwanao amelipia maneno haya, anakuita." Ndipo akafunga kitambaa chake akapanda, juu, pamoja na nazi. Walipofika kwenye kivuko cha Mombasa, kwenye utelezi, akishushwa, mguu ukateleza. Nyonga ikavunjika.

Bi Mkubwa aliteremka Mombasa kwa gari la moshi. Alikaa huko karibu miezi miwili. Aliporudi, wachukuzi wawili walimbeba mama yake kutoka kwenye teksi wakamwingiza chumba kilichotazamana na changu.

Alikuwa bibi mdogo wa mwili, mkali, mwenye sauti ya kupita ukuta. Alilalamikia kila kitu cha Nairobi: baridi, maji yasiyo na ladha, samaki aliyekufa tangu wiki iliyopita. Kwa kuwa Bi Mkubwa alikuwa na biashara yake ya maandazi, mimi ndiye niliyebaki naye asubuhi. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimpaka mafuta ya nazi mguuni. Mume wangu alinisifu mbele za watu. "Mke wangu ana huruma," alisema. Niliposikia hivyo nilichukua beseni nikatoka nalo uani.

Siku moja nilimuuliza walikuwa wakifanyaje kijijini tufani ikitajwa. Sijui kwa nini niliuliza. Labda nilitaka kusikia kwamba wanakufa.

"Tunakimbia wapi?" akasema. "Wanaume wanavuta ngalawa juu, nyuma ya nyumba. Paa linafungwa kamba za makumbi ya nazi, ncha zinatiwa mawe. Wanawake tunajaza mitungi, maana bahari ikipanda kisima kinaingia chumvi. Tunapika mikate ya siku mbili. Kisha wazee na watoto wanaingia msikitini, ndiyo nyumba ya mawe. Halafu tunakaa. Ikija imekuja."

"Na safari hii?"

"Safari hii mudiri, mkubwa wa serikali kwetu, alimtuma askari wake na baiskeli. Akasema habari iko redioni, jihadharini, lakini haijulikani. Tukajihadhari. Paa langu mimi ndilo la kwanza kufungwa! Nikapika mikate. Halafu akaja huyo mtoto na lori." Akavuta pumzi. "Nasikia ilinyesha mvua tu. Wakafungua kamba, wakala mikate. Na yangu wakala."

Akaniuliza nadhani nani amewala kuku wake. Nikasema sijui.

Kilichonishinda zaidi kilikuwa Bi Mkubwa. Kila jioni aliketi kando ya kitanda cha mama yake akijilaumu. "Mimi na haraka zangu," alisema. "Mimi na simu zangu. Wenzangu wote wa pwani hapa hawakuita mtu, ni mimi tu niliyejifanya najua." Mama yake alimwambia anyamaze. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika bakuli la uji.

Mwishowe bibi ndiye aliyeniuliza. Ilikuwa mchana, Bi Mkubwa amekwenda sokoni, nami nikimpaka mafuta kama kawaida.

"Wewe ndiye unayesoma gazeti?"

"Ndimi, bibi."

"Hebu niambie. Lile gazeti lilisema nini hasa?"

Nadhani aliuliza kwa udadisi tu, kama alivyouliza habari za kuku. Ningeweza kusema lolote. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya ule mguu uliokonda, na maneno yakatoka yenyewe: kwamba lilisema huenda, kwamba lilisema mbali, kwamba mimi niliongeza minazi na kunguru, na kwamba habari ya pili niliichoma.

Aligeuza kichwa akanitazama.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, bibi."

"Mumeo?"

"Hajui."

"Basi ondoa mkono wako mguuni kwangu."

Akageuza uso ukutani. Siku nne hakupokea chakula mkononi mwangu. Alimwambia mwanawe uji wangu una moshi. Siku ya tano Bi Mkubwa alishindwa kumgeuza peke yake, akaniita, nikaingia, tukamwinua pamoja. Bibi alifumba macho. Tangu hapo aliniacha nimhudumie, lakini hakunisimulia kitu tena, wala hakuniita tena "mjukuu wangu". Siri yangu hakumwambia mwanawe. Nimefikiri sana kwa nini. Pengine alimwonea haya mwanawe. Pengine alijua kwamba bila mimi hakuna wa kumwogesha.

Alifariki mwaka uliofuata, siku chache kabla ya Ramadhani. Alizikwa hapa Nairobi, kwenye udongo mwekundu ambao kila mara alisema unachafua nguo. Nyumba yake ya makuti ilikuwa imekwisha kuanguka wakati huo. Nyumba isiyokaliwa haihitaji tufani.

Tulisoma arobaini. Watu walipoondoka nilimfuata Bi Mkubwa uani, alikuwa akichekecha unga wa maandazi ya kesho. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kuchekecha mpaka nilipofika kwenye ule ukurasa niliowashia jiko. Hapo mikono yake ikasimama.

"Mwaka mzima nimejilaani," akasema, "na wewe uko hapo, unanipikia chai."

"Nisamehe, Bi Mkubwa."

"Alijua?"

Nikasema ndiyo, alijua, nilimwambia. Nilidhani hilo litapunguza kosa. Nikaona uso wake ukibadilika, nikaelewa kwamba nimemwongezea jeraha jingine: mama yake alimwacha ajilaumu mpaka siku ya mwisho, nalo pia lilikuwa kazi yangu.

"Nenda ndani," akasema. "Unga utakuingia nywele."

Hakutufukuza. Kodi alipokea kama kawaida, salamu aliitikia. Mimi niliacha kusoma barazani, na mama muuza mkaa alipouliza kwa nini, nilisema macho yananiuma. Mume wangu naye nilimwambia. Alinitazama kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake, kisha akaomba nyumba ya reli. Tulipata chumba Makongeni mwaka uleule, tukahama kwa mkokoteni mmoja.

Idi ya kwanza tukiwa Makongeni nilipika biriani, nikapanga kwenye sahani yangu nzuri ya maua, nikaifunika kwa kitambaa nilichodarizi, nikamwomba mume wangu ampelekee Bi Mkubwa. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, unatia sukari kidogo, au malimau mawili, au chumvi.

Mume wangu alirudi adhuhuri. Nikafunua kitambaa. Sahani ilikuwa imeoshwa vizuri, imekaushwa, inang'aa, na ndani hamkuwa na kitu.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema umeshukuriwa," akajibu, akaenda kunawa mikono.