Simu Ilisema Yupo Jikoni

Mke wangu alipoanza kusahau njia ya kurudi kutoka kisimani, binti yetu alikuja kutoka kwake mjini, Bilele, kumchukua. Nilikataa. Nilisema mama yake aliolewa katika kibanja hiki, shamba letu la migomba hapa Muleba, na atazeekea hapa, mimi nitamwangalia. Hakubishana. Alirudi baadaye na bangili ya plastiki, kisanduku chenye laini ya simu, na vidude vyeupe vidogo kama vifuniko vya chupa. Alibandika kimoja kila chumba na kingine kwenye jiko la nje.

"Ni ile redio ndogo mnayorushiana nyimbo kwenye simu," alinieleza. "Vidude vinainasa bangili mkononi mwa mama, kisanduku kinakutumia habari, nawe popote ulipo unaona yuko chumba gani. Lakini ni ndani tu, Taata. Akitoka nje, simu itabaki inaonyesha alipopita mwisho. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Nimesoma hadi kidato cha nne. Niliona haya kumwuliza mwanangu mara ya pili.

Basi nikaanza tena kwenda kwa jirani kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, simu mfukoni. Wenzangu walinitania.

"Mzee, siku hizi unamfunga mkeo kwa simu kama mbuzi?"

"Mbuzi hukata kamba," nilijibu. "Hii haikatiki."

Tulicheka mpaka mwenye nyumba akamwaga pombe yake.

Siku moja mvua ilianza alasiri. Nilitazama simu: jikoni. Nikaomba kibuyu kingine. Mvua ikazidi, nikatazama tena: jikoni. Nikajiambia anaota moto. Na hakuna mtu wa kwetu asiyejua kwamba mama mwenye kibanja hashindi jikoni. Siku yake iko migombani, anapogoa majani makavu, anapalilia, anaegemeza mgomba uliolemewa na mkungu. Nimeishi na mkulima huyo tangu ujana wangu, nikaamini kioo cha simu kuliko nilichokijua.

Nilipofika nyumbani moto jikoni ulikuwa umezimika. Nilimkuta mwisho wa kibanja, amekaa kwenye matope, ameukumbatia mgomba ulioinama. Meno yalikuwa yanagongana.

"Shika upande huo," aliniambia. "Unaanguka."

Alilazwa kwa homa ya mapafu. Aliporuhusiwa, binti alimleta nyumbani kuchukua nguo zake tu.

"Taata, ulikuwa wapi siku ile?"

Nilimwambia. Nilimwambia hata utani wa mbuzi na jibu langu. Alikunja kitenge cha mama yake, akakikunjua, akakikunja tena, kisha akabeba mzigo kwenda kwenye gari.

Mke wangu alishusha kioo cha dirisha la gari, akaitazama migomba.

"Nani ataniegemezea ndizi zangu?"

"Mimi," nilisema.

Siku hiyo alinitambua vizuri.

"Wewe? Nilikuita kwenye mvua."

Binti akawasha gari.