Kaka Anayelipwa Kukimbia

Kaka yangu analipwa kukimbia. Si mbio za uwanjani wala marathoni. Ni zile zinazoanza leo milimani huko Ulaya zikaisha kesho. Mimi ni fundi cherehani, sokoni Kasulu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nakimbia na wenzangu wachache kwenye barabara ya Kibondo. Tukipumzika, simu inazungushwa: kaka kwenye theluji, kaka na viatu vipya. Wenzangu humwonea wivu kwa kelele. Wangu ni wa kimyakimya, na ni mchungu zaidi, maana tulikua tukikimbia pamoja kwenda shule kule Murungu, na mara nyingi nilimtangulia.

Safari hii alipokuja likizo, nilifunga kibanda nikamfuata kwa mama, Murungu. Nilikuwa na jambo moja tu. Aliwahi kuniambia kwenye simu kwamba kambi yao inatafuta mwanamke wa masafa marefu, na kwamba neno lake lingetosha kunipeleka. Nilitaka kulisikia hilo neno.

Nilimkuta mwembamba kama ufito. Kucha za miguu karibu zote zilikuwa zimeng'oka. Alikula kwa saa, si kwa njaa. Mama alipomtengea ugali wa muhogo na maharage, alitazama kwanza saa ya mkononi. Mama akacheka, lakini baadaye jikoni akaniuliza kama mtoto wake anaumwa. Nikamjibu kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Sikuwa na huruma hata kidogo. Kucha zangu ningezitoa zote siku hiyohiyo.

Asubuhi tukatoka kukimbia. Kwetu mtu mzima hapitwi njiani hivihivi. Unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi ya polepole, unaulizwa ya nyumbani nawe unauliza ya kwake, mpaka yaishe. Ndiyo maana sisi wakimbiaji wa huku hatuna rekodi ya muda ya kujivunia. Tulikutana na bibi mmoja jirani, jembe begani, anakwenda shambani. Nikasimama. Kaka akaitikia salamu huku akirukaruka palepale, magoti juu, ili mwili usipoe.

Bibi akamtazama toka miguuni hadi usoni. "Mwananje, mwanangu, nani anakufukuza?"

"Hakuna, bibi. Niko kazini."

"Kazini," bibi akasema. Akaweka jembe chini, akamshika viganja vyote viwili akavikutanisha, kama tunavyowafundisha watoto wadogo. "Haya, sasa nisalimie."

Nilidhani kaka atacheka. Akatulia. Akapiga makofi, akaulizwa habari za huko aliko, nani anampikia, akiugua nani anamletea uji. Saa ikalia mkononi mwake, akaizima. Bibi alipokwenda zake kaka alibaki amesimama, macho yamelowa, nami nikaona bahati yangu inaniponyoka. Nikamuuliza hapohapo.

"Kaka, nije?"

"Mdogo wangu, kule naamka naumwa, nakimbia naumwa, nalala naumwa. Na tangu niende, hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha njiani."

"Sikukuuliza hilo."

Pikipiki iliyobeba mkaa ikapita, tukasubiri vumbi lake litulie.

"Nikikupeleka," akasema, "mama anabaki na nani? Na mimi nikirudi, namkuta nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa ananionea huruma. Alitaka nibaki palepale aliponiacha, ili awe na pa kurudi. Nampenda kaka yangu, na asubuhi ile ningeweza kumzaba kofi. Maumivu aliyoyasema ni ya kweli, nayajua, niliziona kucha. Nayataka hivyohivyo. Nautaka ule uchovu wa siku mbili, na mlima ambako hakuna anayeniuliza habari za nyumbani, na nikishamaliza niwe na nyumbani pa kuulizia habari.

"Kaka," nikamwambia, "na mimi nataka kungojwa."

Hakusema ndiyo wala hapana, na mpaka leo hajasema.