Daftari la Kurasa Zilizofungwa

Wasomaji wa maktaba ya mji walimwita Kulikoni, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kila alipokuta jambo asilolielewa. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye dawati la maulizo, jirani na kompyuta sita za wasomaji, hata jina lake halisi likabaki kwenye barua za kiofisi tu.

Asubuhi moja alifika fundi kutoka wizarani, bwana mpole mwenye begi la nyaya. Alikuja na barua: kwa amri ya serikali, mtandao wa maktaba zote za umma utapitishwa kwenye chujio, ili wananchi walindwe dhidi ya mambo yasiyofaa.

"Yasiyofaa ni yapi?" Kulikoni akauliza.

"Yamo kwenye orodha, mama."

"Naomba niione."

"Orodha ni siri."

"Siri ya nani?"

Fundi akacheka kidogo, akainama kuchomeka waya. "Mimi nafunga tu, mama. Hata mimi sijaiona."

Jibu hilo halikumuudhi. Lilimkereketa. Siku nzima alijiuliza mtu anafungaje kitu asichokijua.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya vichekesho. Mkunga wa zahanati alitafuta picha za kuwafundisha kina mama kunyonyesha. Skrini ikawa nyeupe, na maandishi mekundu katikati: Ukurasa huu umefungwa kwa mujibu wa amri. Mfuga nyuki alitaka kujua malkia hupandwaje, akafungiwa. Fundi cherehani alihitaji vipimo vya sidiria, naye akafungiwa, akaondoka akisema, "Basi nitashona kwa kubahatisha, na wateja wakalalamike wizarani!"

Watu wakavunjika mbavu. Kulikoni alicheka nao, kisha akachukua daftari jipya akalipiga mistari: tarehe, kilichotafutwa, kazi ya aliyekitafuta, skrini ilisema nini. Majina hakuandika.

"Utatuponza, dada," mkuu wa maktaba, mwoga aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, alimwonya.

"Naandika milango iliyofungwa tu. Aliyebisha hodi simtaji."

Nyumbani mumewe, fundi saa, aliliona lile daftari akauliza ni la nini.

"Nataka kujua hili chujio matundu yake yana ukubwa gani."

"Na ukishajua?"

"Sijui bado. Kwani wewe ukifungua saa, unajua mapema kilichoharibika?"

Mume akarudisha lenzi jichoni.

Mwezi wa tatu alikuja mwashi mmoja, saruji bado iko kwenye kucha. Mkewe alikuwa akitibiwa figo, na daktari alikuwa amewaambia wachunguze maji wanayokunywa. Mwashi alisikia kwamba chuo kikuu kiliwahi kupima visima vya mtaa wao, ulio nyuma ya kiwanda cha ngozi. Kulikoni akaandika jina la ripoti. Maandishi mekundu. Akazungukia njia nyingine. Mekundu tena.

Kwa mkunga na fundi cherehani aliweza kukisia ni neno gani lililoishtua mashine. Hapa alilitafuta neno hilo asilione. Maji, visima, kemikali, kiwanda.

"Humu hamna hata goti lililo wazi," alinong'ona.

Ndipo alipong'amua. Mashine haikukosea. Kuna mtu aliyekaa mahali akauandika ukurasa huu kwenye orodha kwa mkono wake.

Akapiga simu chuoni. Mtafiti aliyeongoza upimaji alishangaa. "Ripoti ile iko wazi kwa kila mtu! Nani kaifunga?" Siku nne baadaye nakala ya karatasi ilifika kwa posta. Kulikoni alikuwa ameisoma barua ya wizara mara tatu: ilitaja mtandao, haikutaja karatasi popote. Akaipiga ripoti muhuri, akaipa namba, akaiweka kwenye rafu ya afya. Mwashi alikaa kutwa akinakili ukurasa wa kisima chao.

Kisha Kulikoni akapiga moyo konde, akaiandikia wizara barua yenye maswali matatu: nani anaandika orodha, kwa vigezo gani, na anayepinga aende wapi. Alichojibiwa ni wito wa kwenda ofisi ya mkoa.

"Nani amekutuma?" ofisa akamuuliza.

"Mkunga. Mfuga nyuki. Mwashi mmoja, na fundi cherehani."

"Nauliza kikundi gani!"

"Wasomaji."

"Unajua kwamba unaipinga serikali?"

Kulikoni alifikiri. "Nilianza kwa kuuliza tu, baba. Lakini kama ni kuwaficha watu habari za maji wanayokunywa, hilo napinga."

Baada ya wiki mbili alihamishiwa chumba cha chini cha maktaba, kazi yake kubandika migongo ya vitabu vilivyochakaa. Alikwenda shingo upande, na siku ya kwanza alilia mbele ya gundi. Ila kitu kimoja kilimshangaza: ndani ya vitabu vibovu vilivyoteremshwa kutoka juu alianza kukuta vipande vya karatasi. Tarehe, kilichotafutwa, kazi ya msomaji. Mwandiko ulikuwa wa mkuu wa maktaba. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo, hata walipokutana ngazini.

Mkunga alimfahamu wakili mmoja mwanamke, naye akafungua kesi kwa niaba ya wasomaji kumi na mmoja. Mahakamani jaji alilifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa ripoti ya maji. "Ukurasa huu ulifungwa kwa sababu gani?"

Wakili wa serikali alimung'unya maneno, akaomba wiki mbili. Zilipokwisha, akaomba nyingine mbili. Mara ya tatu jaji alimtazama juu ya miwani. "Inaelekea hata wewe huruhusiwi kujua."

Hukumu ilikuwa nusu kwa nusu. Chujio lilibaki, lakini orodha itolewe hadharani, kila ukurasa uandikiwe sababu, na pawepo mahali pa kukata rufaa. Kulikoni alitaka chujio ling'olewe kabisa, akatoka mahakamani amenuna wakati wenzake wakikumbatiana.

Orodha ilipotoka aliisoma siku tatu, penseli mkononi. Alikuta kurasa za kudhuru watoto, akasema waziwazi kwamba hizo hata yeye angezifunga. Alikuta pia hukumu za mahakama, mijadala ya baraza la mji, na ripoti ile ya maji. Hiyo ilifunguliwa kwa rufaa ya kwanza. Baraza likaziba visima viwili, na baada ya mabishano ya mwaka mzima bomba likafika mtaani kwa mwashi. Mkewe bado anakwenda hospitali.

Kulikoni hakurudishwa kwenye dawati lake. Alistaafia kule chini. Sasa huwaandikia watu rufaa akiwa sebuleni kwake. Yake mwenyewe inayomsumbua ni moja: katikati ya orodha upo ukurasa wa wakusanyaji wa stempu za posta, nafasi ya sababu imeachwa tupu, na hakuna anayejua kwa nini umefungwa. Wizara imemjibu mara mbili kwamba suala linashughulikiwa. Yeye ameazima vitabu viwili vya stempu, anavisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, aone mwenyewe kuna nini humo.