Theopista, Bibi Shamba anayehifadhi makosa ya wakulima

Saa moja asubuhi ya Jumatatu, Theopista Otmar anasimamisha pikipiki kando ya jaruba la mpunga, kilomita chache kutoka Kharumwa, wilayani Nyang'hwale. Anavua kofia ngumu na kulitazama rundo la mchanga wa kijivu lililomwagwa hapo jana. Mwenye shamba, Ndaki, amesimama karibu, koleo mkononi.

"Mwangaluka, Baba Aneth," anamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Bibi Shamba. Umekuja kunipima au kunikagua?"

"Nimekuja kukuomba usiusambaze mchanga huu hadi tukutane Jumatano."

"Mvua haisubiri vikao," anajibu Ndaki. "Mbona Jilala aliumwaga mwaka juzi?"

"Alivuna kiasi gani?"

"Hajasema. Lakini mtu mwenye cheti cha mkulima bora ukutani atakosaje kuvuna?"

Theopista anajua Jilala alivuna kiasi gani, kwa kuwa Jilala mwenyewe alimweleza. Anajua pia kwamba alimwahidi kutomwambia mtu.

Mchanga huo wachimbaji wadogo huuita marudio. Ni mawe ya dhahabu yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, na mara nyingi huwa na mabaki ya zebaki na dawa nyingine za kusafishia madini. Hutolewa bure kwa yeyote mwenye mkokoteni. Kwa mkulima ambaye jaruba lake limebonyea na kingo zake zimemomonyoka, kitu cha bure kilichorundikwa jirani ni kishawishi kikubwa.

Theopista, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ni mzaliwa wa Ushirombo na ni ofisa ugani kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Anahudumia vijiji vitatu vyenye kaya zipatazo elfu moja na mia nne, peke yake. Petroli anayopewa humalizika kabla ya tarehe ishirini ya kila mwezi, na baada ya hapo hutembea kwa miguu. Wakulima hukicheka Kisukuma chake chenye lafudhi ya Kisumbwa, naye huwaacha wacheke, kwa sababu, anasema, mtu anayecheka hajaondoka.

"Nilipoanza kazi, ripoti zetu zilikuwa na safu ya waliofaulu," anasimulia. "Safu ya walioshindwa haikuwapo. Kwa hiyo kosa la mkulima wa kijiji hiki lilirudiwa na mkulima wa kijiji cha pili, nami niliyashuhudia yote mawili."

Miaka sita iliyopita alinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, akaanza kuandika mambo yaliyoharibika: jina la udongo kama wenyeji wanavyouita, kilichofanywa, mwezi, na matokeo. Mkulima mmoja alipanda dengu mbuga, yaani udongo mweusi mzito, ikiwa bado imelowa, mbegu zikaoza zote. Mwingine alihamisha miche ya mpunga iliyozidi siku arobaini. Daftari lina habari sitini na tatu. Arobaini na moja kati ya hizo hazina jina la mtu, kwa kuwa hilo ndilo sharti walilompa wenyewe.

"Mkulima hawezi kukuambia ukweli kama kesho atausikia kilabuni," anasema.

Habari ya hamsini na nane ni ya Jilala. Mwaka jana, mwezi Juni, mkulima huyo mwenye umri wa miaka sitini na mmoja alifika kwa Theopista bila kualikwa, akaketi, akakataa chai. Alisema alijaza marudio katika manne kati ya majaruba yake. Mpunga uligeuka manjano kuanzia ukingoni, ukafa kuelekea katikati. Shamba lililokuwa likimpa magunia ishirini na mawili lilimpa sita, na hayo sita, kwa ushauri wa Theopista, hakumruhusu mtu kuyala.

"Andika," alisema. "Ila mimi usiniandike."

Theopista alitii. Alitangaza katika vikao vitatu kwamba marudio yasitiwe shambani, bila kumtaja mtu. Waliosikia walitikisa vichwa kuafiki. Novemba ya mwaka huo huo Mwamvua, ambaye majirani humwita Mama Adam, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Tabora, aliyajaza marudio katika majaruba mawili aliyoyakodi. Alitarajia magunia tisa. Alivuna moja.

"Bibi Shamba tulimsikia," anasema Mwamvua. "Lakini neno lake lilikuwa la kwenye karatasi. Mkokoteni wa Jilala nilikuwa nimeuona kwa macho yangu."

Jumanne jioni Theopista alikwenda nyumbani kwa Jilala. Mzee alikuwa akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, Baba Ngusa."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Ndaki amekwisha kupita hapa kuniuliza nilitia mikokoteni mingapi kwa jaruba."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nina kikohozi."

Theopista alimweleza kwamba hatamtaja, na kwamba ndiyo sababu amekuja kwake badala ya kwenda kwa watu.

"Unataka nisimame nichekwe na watoto niliowafundisha kupanda kwa mstari?"

"Mama Adam anadhani mbegu yake ndiyo ilikuwa mbaya," alisema Theopista. "Amenunua nyingine. Na marudio anataka kuyaongeza."

Mzee aliacha kuchonga. Theopista aliaga, akaondoka.

Jumatano walikusanyika watu ishirini na saba kwenye shamba la Ndaki. Theopista alieleza tena habari za marudio, nao walitikisa vichwa vile vile. Alikuwa karibu kufunga kikao Jilala alipofika, akapita katikati yao bila kusalimu, akasimama kando ya rundo.

"Magunia sita," alisema. "Mwaka jana nilivuna sita, nayo sikuyala."

Sauti ikatoka nyuma: "Kumbe cheti hakioti mpunga!"

"Hakioti," alijibu Jilala. "Nimejaribu."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilimsaidia kuendelea. Alieleza yote, mkokoteni kwa mkokoteni: alikoutia mchanga mwingi, mahali mpunga ulipoanza kufa, siku aliyogundua. Ndaki aliuliza maswali manne, kisha akalichomeka koleo lake ardhini, rundo akaliacha lilivyo.

Mwamvua hakucheka.

"Baba Ngusa," alisema, "tangu nivune tunapishana njiani unaniambia pole. Pole ya nini, kama ulijua?"

Jilala aliinamisha kichwa. "Ya hilo hilo, mama. Sikuwa na ujasiri wa kuimalizia."

Kisha Mwamvua akamgeukia Theopista. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua tangu Juni," alijibu Theopista. "Wewe ulitia mchanga Novemba. Nilikuwa na miezi mitano ya kurudi kwa mzee na kumwomba anifungue mdomo. Sikurudi hata mara moja."

"Basi na hilo liandike. Kwa jina."

Theopista aliliandika palepale, watu wote wakimtazama. Habari ya sitini na nne ina jina lake kamili, kijiji, miezi mitano na gunia moja.

Mwamvua hajasema kama amesamehe. Alhamisi alimruhusu Jilala aje na jembe na mkokoteni kumsaidia kuuondoa mchanga katika majaruba yake, lakini alimwonyesha pa kuanzia bila kumkaribisha maji. Sampuli za udongo wa mashamba yote matatu zimepelekwa maabara. Hadi majibu yarudi, majaruba mawili ya Mwamvua hayatapandwa kitu, na Jilala amemwachia moja lake la upande wa juu, ambalo halikuguswa na marudio.

Theopista amebadili masharti ya daftari. Jina la mkulima litaendelea kufichwa akitaka. Lakini anayeleta habari ya hatari ataombwa kurudi baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya miwili, hadi akubali kusema mwenyewe au atafute wa kumsemea. Kabla ya kila msimu, habari zote zitasomwa kwa sauti, kwa Kisukuma na Kiswahili, katika vijiji vyote vitatu. Maofisa ugani wawili wa kata jirani wameomba kuja kusikiliza.

Alipoulizwa anatarajia nini, alikuwa akikaza mnyororo wa pikipiki.

"Mwakani nataka kikao kianze bila mimi kwenda jioni kumbembeleza mtu nyumbani kwake," alisema. "Nataka nifike nikute wamekwisha kuanza, na mtu amesimama anasema: sikilizeni, mimi nimeharibu hivi."