Hesabu ya Kunifunza Uaskari

Karani wa mji wetu hulamba kidole kabla ya kufunua kila karatasi, hata iliyo peke yake mezani. Jana alikuwa akiandika madai: jiji jirani limeniajiri niwe askari polisi wake mara tu mji wetu uliponifunza kazi, na sheria inalitaka liurudishie mji wetu gharama za kunifunza. Nilisimama mbele yake nimevimba kichwa. Kumbe nami nina bei! Alisoma taratibu, kama mtu anayesali. "Kulenga shabaha, sawa. Sheria, sawa. Kuendesha gari..." Akachungulia dirishani, kwenye bomba la maji ya zimamoto kando ya barabara, nililoligonga kwa gari mara mbili nikijifunza, bado limeinama thelujini. Akachukua rula, akaukata kwa kalamu mstari ule wa gari.

"Hapo siwadai kitu, Tollefson mwanangu. Wakishakuona barabarani, watataka sisi ndio tuwalipe."