Rejeta Iliyokunywa Ziwa

Jumamosi mjukuu wangu alifungua boneti ya kigari chake hapa uani kwangu Ilemela, akainua ndoo ajaze maji kwenye rejeta. Nikapiga kelele, "Chuja kwanza!" Akacheka. "Bibi, haya ni maji ya bomba." Najua ni ya bomba, mimi si kipofu. Ila mdomo ulishakimbilia kwa baba yangu.

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea dagaa, na fundi wake alikuwa yeye mwenyewe. Kumpa mtu mwingine gari lake alitengeneze, aliona ni sawa na kumpa jirani mke. Hata kanisani alinuka oili.

Sasa siku moja dada yangu anaolewa ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kanisani kwao bwana harusi. Asubuhi ile Baba akamwaga maji yote ya rejeta, eti gari nalo lioge, akachota mengine ufukweni, palepale tunapooshea masufuria. Mama, ambaye maji ya kunywa aliyachuja kwa kanga kila siku, akamwambia ayachuje.

"Gari si mtoto mchanga," Baba akajibu.

Kabla hatujafika Kigongo, kwenye kivuko, gari likachemka, mvuke unafoka kama chungu. Bi harusi yuko nyuma, gauni kalikunja mapajani, analia: "Baba, ataoa mwingine!" Na kule chini kivuko kinapiga honi.

Lilipopoa, Baba akachomoa mpira wa chini wa rejeta. Halikutoka hata tone. Akachokoa kwa waya. Likatoka tope, majani ya ziwani, konokono, halafu dagaa mmoja mzima, ameiva.

Mama akamwangalia yule dagaa. "Mtoto mchanga kacheua."

Tulicheka, bi harusi naye, mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Mama akavua kanga yake mpya ya harusi. Tukaomba maji nyumba ya karibu, yeye anachuja, Baba anamimina, mpaka chini yakatoka meupe. Kivuko tulikiwahi kikiwa kinataka kuondoka. Na Mama alicheza harusi nzima na kanga ile yenye tope, akiwaonyesha wageni doa la mumewe.

Siku hizi Kigongo kuna daraja, magari yanapita hata hayasimami. Pikapu iliuzwa kama chuma chakavu. Baba na Mama wamelala.

Nikafungua kanga yangu kiunoni, nikaitandaza juu ya mdomo wa rejeta. "Mimina." Mjukuu wangu, kucha zake nyeusi kwa oili kama za babu yake mkuu, akamimina bila kubisha.

Maji yakapita yote. Nikaikagua kanga upande huu na upande huu. Hapakuwa na kitu.